Mitambo Isiyopaa

Mwishoni mwa Machi 1970, wiki mbili tu kabla ya safari, mafundi wa Kituo cha Anga cha Kennedy huko Florida walikuwa wanahangaika na tangi la oksijeni. Zoezi la kuhesabu saa za kuruka lilikuwa limekwisha, na oksijeni baridi iliyojazwa kwa ajili ya zoezi hilo ilipaswa kuondolewa. Tangi namba 2 la Apollo 13 likagoma kumwaga. Ikaamuliwa viwashwe vipasha joto vilivyomo ndani yake, oksijeni ichemke itoke yenyewe. Viliwaka kwa muda wa saa 8 hivi, vikila umeme wa mitambo ya ardhini. Tangi likawa tupu, maandalizi yakaendelea.

Mitambo ile ilitoa volti 65. Swichi za themostati zilizolinda vipasha joto zilitengenezwa kwa volti 28, umeme ambao chombo chenyewe hutumia kikiwa angani. Mwaka 1965 mkandarasi mkuu alibadilisha maelezo ya kiufundi ili matangi yahimili volti 65 za Kennedy, lakini kampuni iliyounda tangi haikubadilisha swichi, na kwa miaka mitano hakuna aliyeliona hilo, si NASA wala makandarasi wake. Swichi zilitakiwa kukata umeme joto likifika nyuzi 27 za Selsiasi. Zilipojaribu, mkondo ule mkubwa ukazichomelea zikashikana. Ndani ya tangi, sehemu za bomba la kipasha joto zilifikia takriban nyuzi 540, na Tefloni iliyofunika nyaya ikaungua. Kipimajoto kilichokuwa mbele ya mafundi hakikuundwa kuonyesha joto kubwa kiasi hicho. Tarehe 13 Aprili, zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani, feni ya tangi hilo ikawashwa, nyaya zilizo uchi zikatoa cheche, tangi likapasuka.

Bodi ya uchunguzi iliyoongozwa na Edgar Cortright ilieleza jambo moja ambalo halina budi kumchoma fundi umeme yeyote. Kwenye paneli ya ardhini iliyodhibiti vipasha joto kulikuwa na kipimo cha mkondo wa umeme. Mtu angekitazama, angegundua kwamba mkondo haukatiki, maana yake swichi hazifunguki.

Apollo 13 husimuliwa kama habari ya ushujaa wa wanaanga wake, Lovell, Swigert na Haise, na ya werevu wa waliowarudisha nyumbani wakiwa hai. Hiyo ni haki yao. Mzizi wa ajali, hata hivyo, uko mahali pasipopigwa picha: pale chombo cha anga kinapounganishwa na vifaa vya umeme vinavyokihudumia kikiwa bado chini. Hapo ndipo anapofanya kazi mhandisi wa vifaa vya umeme vya ardhini. Vifaa vyake vinaweza kutenda makosa ya namna mbili. Vinaweza kukidhuru chombo, na vinaweza kukisemea uongo. Tangi la Apollo 13 lilipatwa na yote mawili kwa siku moja. Kosa la kwanza linaogopwa na kila mtu, na limewekewa kinga tele. La pili halina moshi wala cheche, na uchambuzi huu unadai kwamba ndilo linalostahili hofu kubwa zaidi.

Ili kuielewa kazi yenyewe, ifikirie setilaiti ikiwa kiwandani, tuseme Toulouse au Turin, au kwenye kituo cha majaribio cha Shirika la Anga la Ulaya kilichoko Noordwijk, Uholanzi. Imesimama katikati ya chumba kisafi chenye hewa iliyochujwa, unyevu na joto vimedhibitiwa, watu wamevaa makoti meupe na kofia. Haina jua la kuilisha. Haina nyota za kuijulisha inatazama wapi. Redio yake haiwezi kurusha mawimbi kwa nguvu zote ndani ya chumba chenye watu, na betri itakayoruka nayo haitakiwi kuchoshwa kwa majaribio ya miezi mingi. Setilaiti hiyo ni nzima ila imetengwa na ulimwengu ilioumbiwa. Kazi ya mhandisi huyu ni kuutengeneza ulimwengu huo kwa makabati ya vyuma yaliyojaa vifaa, kompyuta na kebo.

Kabati linalojifanya jua ni gumu kuliko linavyosikika. Paneli ya sola haitoi umeme kama jenereta. Ukivuta mkondo kidogo inashikilia volti yake. Ukiendelea kuvuta, inafika mahali volti inaporomoka ghafla. Kidhibiti cha umeme ndani ya setilaiti kimeundwa kikitegemea tabia hiyo hasa, na hukata na kuunganisha mikondo ya paneli mara maelfu kwa sekunde. Kwa hiyo kifaa cha ardhini nacho lazima kiige mchoro huo wa volti na mkondo, tena kwa wepesi wa kutosha kuendana na kidhibiti. Kikiwa kizito, vifaa hivyo viwili huanza kuvutana, volti inapanda na kushuka, na mhandisi anakesha akitafuta ugonjwa ndani ya setilaiti isiyoumwa.

Mengine ni ya namna hiyo hiyo. Kamera ya nyota huvishwa kifaa kinachoionyesha nyota za bandia. Mpokeaji wa GPS hupewa mawimbi ya setilaiti ambazo hazipo juu ya paa. Antena hufunikwa kofia maalumu zinazonasa mawimbi na kuyapeleka kwenye vipimo kwa kebo. Baruti ndogo zinazofungua mikono na vifuniko huondolewa, na mahali pake hukaa kisanduku kinachopima kama pigo la umeme la kuziwasha limefika, kwa nguvu gani, na kwa muda gani. Juu ya vyote kuna programu inayotuma amri na kusoma maelfu ya vipimo vinavyorudi, kila kimoja kikiwa na mipaka yake: kijani, njano, nyekundu.

Kebo nene inayobeba umeme na mawasiliano kati ya makabati na chombo ndiyo kitovu cha mtoto huyu, na hukatwa siku ya kuzaliwa. Huko Kourou, Guyana ya Ufaransa, sehemu ya makabati hayo huwekwa karibu na roketi huku wahandisi wakiwa mbali, kwa sababu za usalama, wakiyaendesha kwa mtandao. Betri huendelea kuchajiwa kupitia kebo hiyo hadi dakika za mwisho. Kisha umeme wa ardhini unazimwa, setilaiti inabaki na betri yake, na roketi inapoinuka plagi inachomoka.

Hofu ya kudhuru imeizaa nusu ya desturi za kazi hii. Kabla plagi ya ardhini haijaingia kwenye soketi ya chombo, kila pini hupimwa: je, hii ina volti inayotakiwa? Hii isiyotakiwa kuwa na kitu, kweli haina? Je, waya wa ethi umeshika? Soketi za setilaiti huchakaa kwa kuchomekwa, kwa hiyo huvishwa vipande vya kati vinavyochakaa badala yake, na kila kuchomeka na kuchomoa huandikwa kwenye daftari, saa na jina la aliyefanya. Mtu anayegusa chombo huvaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ethi, na mkanda wenyewe hujaribiwa kabla ya kazi, maana umeme tuli usiosikika hata kidoleni unaweza kutoboa transista. Kebo zote za ethi hukusanywa mahali pamoja, kwa sababu njia mbili za ethi hutengeneza duara ambamo mikondo ya ovyo huzunguka na kuchafua vipimo.

Muhimu kuliko yote ni kinga ya volti kupita kiasi. Kanuni ya wenye kazi ni kwamba kinga hiyo isitegemee programu. Kompyuta inaweza kuganda, programu inaweza kuwa na hitilafu, na mtu aliyechoka anaweza kuandika 82 badala ya 28. Saketi ya pembeni, yenye akili ndogo lakini isiyolala, ndiyo hukata umeme kabla madhara hayajafika. Kwa lugha nyingine, kifaa cha ardhini hakiruhusiwi kufa na mwenzake: kikiharibika, kiharibike peke yake.

Pamoja na yote hayo, madhara hutokea. Mwaka 2000, huko Pasadena, setilaiti ya HESSI ya kuchunguza jua ilitikiswa na meza ya majaribio kwa nguvu takriban mara kumi ya iliyokusudiwa. Ikavunjika, ikatengenezwa, ikaruka 2002. Mwaka 2003, huko Sunnyvale, setilaiti ya hali ya hewa iliyokuja kuitwa NOAA-19 ilianguka sakafuni ikigeuzwa, kwa sababu boliti 24 zilizopaswa kuishikilia kwenye mkokoteni wake hazikuwepo na hakuna aliyehakiki. Hizo ni za mitambo ya kubeba na kutikisa. Upande wa umeme, darubini ya James Webb ilipata yake: wakati wa majaribio, vipima shinikizo vya mfumo wake wa injini vilipewa volti kubwa kupita uwezo wake vikaharibika, na vipya vikalazimika kufungwa kwa kuchomelea upya, kazi ndefu na ya hatari. Bodi huru iliyoongozwa na Tom Young mwaka 2018 ililitaja kosa hilo pamoja na mengine mawili, dawa isiyofaa ya kusafishia vali na skrubu zilizolegea, kuwa makosa ya kibinadamu yaliyokula muda na fedha nyingi za mradi uliogharimu takriban dola bilioni 10.

Ajali za namna hii zina fadhila moja. Zinaonekana. Chombo kilichoharibika ardhini hutengenezwa ardhini.

Habari ya WIRE ni tofauti kabisa. Hiyo ilikuwa darubini ndogo ya NASA iliyorushwa Machi 1999 kwa roketi ya Pegasus kutoka Vandenberg, California, ili kuchunguza galaksi kwa mwanga wa infraredi. Kazi hiyo hutaka baridi kali, kwa hiyo darubini ilibeba haidrojeni iliyogandishwa ndani ya chupa kubwa yenye kifuniko. Kifuniko kilipangiwa kufyatuliwa baadaye, chombo kikishatulia. Badala yake kilifyatuka pale pale kisanduku cha kuwasha baruti kilipopewa umeme kwa mara ya kwanza angani. Joto likaingia, haidrojeni ikageuka mvuke na kutoka kwa nguvu, ikakizungusha chombo hadi mizunguko 60 kwa dakika. Siku mbili hazikupita, baridi yote ilikuwa imekwisha, na pamoja nayo kazi iliyoipeleka darubini huko juu. Chombo chenyewe kiliendelea kuwa hai, na kamera yake ndogo ya kusoma nyota ilikuja kutumika kupima mitetemo ya nyota, faraja ya kisayansi isiyo haba.

Chanzo kilikuwa chipu moja. Ilipopewa umeme, kwa muda mfupi sana kabla haijatulia, ilikuwa inatoa amri bila kuamriwa, na moja ya amri hizo ilikuwa ya kufyatua. Hilo ni kosa la usanifu. Lakini mbona halikuonekana kiwandani, ambako kisanduku hicho kiliwashwa mara nyingi? Ripoti ya uchunguzi ilijibu waziwazi: vifaa vya umeme vya ardhini vilivyotumika kwenye majaribio havikuwa na uaminifu wala uwezo wa kutosha wa kuligundua. Vilikuwa vimewekwa mahali pa baruti halisi, na havikufanana nazo vya kutosha.

Sentensi hiyo ya ripoti ingestahili kubandikwa kwenye kila kabati la majaribio. Kifaa kinachongoja jibu baada ya swali hakisikii jibu linalotoka kabla swali halijaulizwa. Aliyekiunda alijiuliza: amri ikitumwa, pigo litafika? Hakujiuliza: je, litafika na lisipotumwa? Na kwa kuwa kifaa hakikuonyesha tatizo, karatasi za majaribio zilikuwa safi, sahihi zikawekwa, darubini ikaruka ikiwa na cheti cha afya njema.

Kuna uongo mwingine unaotokana na jaribio ambalo halikufanywa kabisa. Chombo cha Huygens kilirushwa Oktoba 1997 mgongoni mwa Cassini, kikielekea Titan, mwezi wa Zohali. Kilipangiwa kushuka kwa parachuti huku kikituma data kwa Cassini iliyo juu, nayo iipeleke duniani. Kwa kuwa Cassini ingekuwa inakikaribia kwa kasi, mawimbi yangefika yakiwa yamebanwa. Waliounda mpokeaji walijua kwamba masafa ya redio yangesogea, wakayatengea nafasi. Ila mwendo wa biti zenyewe nao ungebanwa, na huo haukutengewa nafasi ya kutosha. Jaribio la kuiga hali hiyo yote kwa pamoja halikufanywa kabla ya kuruka.

Boris Smeds, mhandisi wa Shirika la Anga la Ulaya mjini Darmstadt, hakuridhika. Februari 2000, miaka zaidi ya miwili baada ya safari kuanza, alikwenda kwenye antena kubwa ya Goldstone, California, na kutoka huko akaituma kwa Cassini sauti ya bandia ya Huygens, akiibana kama ambavyo ingebanwa Titan. Kwa maneno mengine, alifanya kwa umbali wa mamilioni ya kilomita jaribio ambalo mhandisi wa ardhini angelifanya kwa kebo ya mita chache. Data ikarudi ikiwa imevurugika. Chombo hakingeweza kufunguliwa tena wala mpokeaji kubadilishwa, kwa hiyo wataalamu wakabadilisha njia: Cassini ikapangiwa kupita mbali zaidi na Titan, ili mbano wa mawimbi upungue. Tarehe 14 Januari 2005 Huygens ikatua, picha zikafika. Hata hivyo, njia moja kati ya mbili za mawasiliano ilipotea na karibu nusu ya picha pamoja nayo, kwa sababu amri ya kuwasha mpokeaji wake ilisahaulika kwenye orodha ya amri. Kosa la nani, ni mjadala mwingine. La kuzingatia hapa ni kwamba safari ilinusurika kwa sababu mtu mmoja alishikilia kuuliza swali ambalo lilikuwa limehesabiwa limejibiwa.

Swali jingine lililo rahisi kusahaulika ni la upande. Novemba 2020, roketi ya Vega iliyoruka kutoka Kourou ilipotea ikiwa na setilaiti mbili, moja ya Hispania na moja ya Ufaransa, kwa sababu ya kebo mbili zilizobadilishana nafasi kwenye mfumo unaoelekeza injini ya hatua ya nne. Iliamriwa kwenda kulia, ikaenda kushoto. Hitilafu hii ya kinyume ina dawa ya kale na rahisi, ambayo wahandisi wa setilaiti huifanya kwa vifaa vya ajabu ajabu kwa udogo: tochi mbele ya sensa ya jua, sumaku karibu na sensa ya sumaku, kisha kutazama kama gurudumu la ndani linazunguka upande unaopaswa. Haitoshi kwamba kitu kinajibu. Kijibu upande sahihi.

Maisha ya kazi hii huonekana vizuri zaidi ndani ya jaribio la joto na ombwe. Chombo hufungiwa kwenye pipa kubwa la chuma, hewa yote ikafyonzwa, kuta zikapozwa kwa naitrojeni ya majimaji. Hakuna tena wa kukigusa. Kinachobaki ni kebo zinazopenya ukutani. Majaribio hayo hayalali, kwa hiyo wafanyakazi hugawana zamu usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Majira ya joto ya 2017 darubini ya James Webb ilikaa siku karibu 100 ndani ya pipa la kihistoria la Houston lililojengwa enzi za Apollo, vioo vyake vikishushwa chini ya nyuzi 230 za baridi. Agosti kimbunga Harvey kikafika. Mji ukafurika, barabara zikakatika, naitrojeni ikawa ya kuhesabiwa, na baadhi ya watu wa zamu wakalala kazini. Kulizima jaribio ghafla kungekuwa hatari kwa vifaa kuliko kuliendeleza, basi wakaliendeleza.

Katika saa kama hizo ndipo linapotokea swali ambalo kila mhandisi wa fani hii analijua kwa uchungu. Kipimo kimoja kinageuka chekundu saa 9 usiku. Ni chombo, au ni sisi? Mara nyingi ni vifaa vya ardhini: kebo ndefu inayopunguza volti njiani, pini iliyolegea, kumbukumbu ya kompyuta iliyojaa, mpaka ulioandikwa vibaya kwenye programu. Uzoefu huo wa mara nyingi ndio mtego. Mtu akishazoea kwamba ni vifaa, siku moja atasema ni vifaa na itakuwa ni chombo. Ndiyo sababu sheria hutaka kila tukio liandikwe, lipewe namba, na lisifungwe mpaka chanzo kielezwe. Likijirudia lisieleweke, huandikwa hivyo. Ni urasimu unaochosha, na vijana wengi huuchukia. Wazee wa kazi huupenda kwa sababu moja: usiku ule kumbukumbu ya mtu haiaminiki.

Pamoja na uzito huo, fani hii hubaki nyuma ya nyumba. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Waundaji angalau wamepata methali. Wanaopima wamepata nini? Katika miradi mingi vifaa vya ardhini hutengewa fungu la mwisho, huagizwa vikiwa vimechelewa, na hutakiwa kuwa tayari kabla chombo chenyewe hakijawa tayari, maana chombo bila hivyo hakiwezi hata kuwashwa. Usanifu wa setilaiti ukibadilika, vifaa hubadilishwa kwa haraka bila ratiba kuongezwa. Na vikitazamwa kwenye hesabu, havimvutii mwenye fedha: ni mamilioni yaliyotumika kununua kitu ambacho hakitapaa.

Hoja ya kubana matumizi si ya kipuuzi. Setilaiti moja ya kisayansi inayotengenezwa mara moja tu humlazimisha mhandisi kubuni vifaa vya mara moja tu, na hilo ni ghali. Wenye makundi makubwa ya setilaiti wamelitatua kwa upande wao. Kiwanda cha OneWeb kilichofunguliwa 2019 huko Florida, jirani na Kennedy, kiliundwa kutoa hadi setilaiti 2 kwa siku, na kwa kasi hiyo hakuna anayekesha akisoma vipimo kwa macho; mashine huchomeka, huuliza, hulinganisha na setilaiti zilizotangulia, na hutoa hukumu. Kazi ya mhandisi imehamia kwenye kuandika programu na kusoma takwimu. Faida yake ni kubwa. Hatari yake ni ile ile ya WIRE: mashine ikifundishwa kuuliza swali lisilotosha, italiuliza hilo hilo kwa uaminifu mara mia sita.

Kwa Afrika Mashariki habari hii si ngeni kama inavyoweza kudhaniwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend wa NASA, aliyeongoza mradi, aliipa jina Uhuru. Roketi ilikuwa kwenye jukwaa moja, vyumba vya uendeshaji kwenye jukwaa la pili, Santa Rita, na nyaya zilizopita chini ya bahari ziliyaunganisha mawili hayo. Majaribio yote ya mwisho ya umeme kabla ya kuruka yalitegemea shaba hiyo iliyolala kwenye maji ya chumvi ya Kenya. Urushaji ulikoma 1988, lakini kituo cha Luigi Broglio, huko huko Malindi, kingali kinapokea data za vyombo kama Swift na NuSTAR.

Kizazi cha sasa kimeingia kwa mlango mwingine, ule wa setilaiti ndogo. Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na Sapienza cha Roma, kilipata 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018. Rwanda ikafuata na RWASAT-1 mwaka 2019. Wahandisi watatu wa Uganda walikwenda Kitakyushu, Japani, kwenye taasisi ya teknolojia ya Kyushu, na PearlAfricaSat-1, mchemraba wa sentimita 10, ikaachiliwa Desemba 2022. Aprili 2023 ikawa zamu ya Taifa-1 ya Kenya, ambayo sehemu zake zilitengenezwa na kujaribiwa kwa ushirikiano na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria.

Setilaiti ya sentimita 10 haihitaji chumba cha makabati. Vifaa vyake vya ardhini hukaa juu ya meza: kifaa cha umeme chenye kikomo cha mkondo, kompyuta, kebo ya programu, redio, na pini nyekundu ya kuchomolewa kabla ya kuruka. Maswali ni yale yale. Kanuni zinataka chombo kama hicho kikae kimya, antena zikiwa zimekunjwa, kwa dakika 30 baada ya kuachiliwa, ili kisihatarishe wanaanga na vyombo jirani. Je, saa ya ndani inayohesabu dakika hizo imewahi kujaribiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, betri ikiwa nusu, baridi ikiwa kali, kebo zote zikiwa zimechomolewa? Vyombo vidogo vingi duniani vimekwenda juu na kunyamaza moja kwa moja, na kwa kuwa havikutuma hata neno, hakuna ripoti ya kueleza kwa nini.

Mjadala wa kanda hii hupenda kuzungumzia majengo: lini tutakuwa na pipa letu la ombwe, lini meza yetu ya kutikisa. Bara lina mifano. Afrika Kusini ilijenga kituo cha Houwteq karibu na Grabouw tangu miaka ya 1980. Misri ilizindua kituo chake cha kuunganisha na kujaribu setilaiti mwaka 2023, kwa msaada wa China, na MISRSAT-2 ikapita humo kabla ya kurushwa Desemba mwaka huo. Ni vituo vya fedha nyingi, na vikikosa setilaiti za kutosha hukaa vikiwa vitupu huku mishahara na matengenezo vikidai. Pipa la ombwe linaweza kukodishwa kwa wiki mbili Cairo au Kitakyushu. Kinachokuwa kigumu kukodi ni mtu aliyeandika maswali ya setilaiti hiyo, aliyeunda vifaa vya kuyauliza, na anayejua ni kipimo kipi kwenye skrini ambacho hakijawahi kuthibitishwa. Vifaa hivyo vya mezani hugharimu sehemu ndogo ya jengo, na nakala ya setilaiti iliyofunguliwa juu ya meza, ikiwa imeunganishwa navyo, huendelea kutumika baada ya chombo kuruka: kila hitilafu ya angani huigwa kwanza hapo kabla amri ya kuirekebisha haijatumwa. Nairobi, Kigali na Kampala tayari zina watu waliowahi kukesha kwenye meza hiyo. Swali la bajeti ijayo ni kama watalipwa waendelee kukaa hapo mradi ukiisha.